Shangazi Hana Slipu ya Mshahara

Hakuna mtu aliyeyajua majiko ya mji ule kama Shangazi. Alijua nyumba ipi moto wake hauwaki mpaka uubembeleze, ipi ina mende wasioogopa taa, na ipi baba wa familia anajifanya hajui hata chumvi inakaa wapi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiingia majumbani mwa watu akivuta begi la magurudumu. Ndani yake mlikuwa na sufuria saba zinazoingiana kama watoto waliolala kitanda kimoja, vifuniko vitano, trei ya mayai na kitunguu. Akifika, anaomba jiko la mwenyeji, anavunja yai bila tone la mafuta, anatikisa, na yai linateleza huku na huku kama mtu anayetafuta mlango.

"Mimi siuzi sufuria," alikuwa akisema hapo hapo, kabla yai halijaiva. "Sufuria inajiuza yenyewe. Mimi nimeisindikiza tu."

Jina la Shangazi alipewa na mtu mmoja, likachukuliwa na mji mzima. Kaka yake alipofariki alimwachia binti wa miaka sita, na binti huyo alikuwa akimwita hivyo mbele ya wateja. Wateja wakadaka. Mwishowe hata wazee wenye mvi walimwita Shangazi, naye aliitika, kwa sababu mteja hakosei jina.

Kazi yenyewe haikuwa na mshahara. Kampuni ya sufuria ilimpa bidhaa, yeye akauza, akakatiwa kamisheni. Akiuza seti ishirini kwa mwezi, alipata zaidi kuliko mwalimu na muuguzi wakiunganishwa. Asipouza, alikula yale mayai ya maonyesho, asubuhi na jioni, mpaka harufu ya yai ikawa inamkera. Lakini ukichukua mwaka mzima ukaugawanya, Shangazi hakuwa mnyonge. Alimsomesha binti wa kaka yake mpaka akahitimu, akaajiriwa maabara ya hospitali. Alikuwa na akiba benki. Na kwenye kabati la sebuleni alikuwa na vikombe vitatu vya kioo vilivyoandikwa Muuzaji Bora, alivyokabidhiwa katika ukumbi wa hoteli, watu wakimpigia makofi wamesimama, meneja akisema kwenye kipaza sauti kwamba wao si mawakala, wao ni familia.

Kabati lilikuwa lake. Sebule ilikuwa ya mzee mmoja, karani mstaafu wa posta.

Mzee huyu alikuwa mwenye nyumba wa aina ya zamani. Hakupokea kodi kwa simu. Alikuja mwenyewe tarehe tatu, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akanywa chai, akahesabu, akaandika risiti kwa mwandiko wa kulala. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kurudi mikono mitupu. Siku moja alimaliza chai lakini hakuinuka.

"Nauza nyumba," alisema. "Mwanangu anataka nikakae kwake. Anasema nimezeeka. Mimi sijaona, lakini yeye ndiye ananiangalia."

Shangazi aliweka kikombe chini.

"Nimekuambia wewe kwanza," mzee akaendelea. "Nakupa miezi mitatu. Baada ya hapo nitaweka bango, na ukiona watu wanaingia kupima madirisha usinikasirikie."

Akataja bei. Haikuwa bei ya kumwonea mtu, wala haikuwa ya kumhurumia. Shangazi alifanya hesabu ya haraka kichwani, kama anavyofanya mteja anapoomba apunguziwe. Akiba yake ilifika theluthi moja. Theluthi mbili zingetoka benki. Alilala vizuri siku hiyo, jambo linaloonyesha kwamba hakuwahi kukopa.

Benki aliyokwenda ndiyo ile ile iliyomtunzia akiba. Ukutani palikuwa na bango la familia ya watu wanne wakicheka mbele ya nyumba nyeupe, na chini yake maneno: Nyumba yako inakungoja. Shangazi aliyasoma kwa jicho la mtu wa kazi hiyo hiyo, akayapa alama saba kwa kumi.

Ofisa wa mikopo alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na ushei, mpole, amejifunga tai ya rangi ya benki mpaka kooni, utadhani naye ni mali ya benki iliyopigwa mhuri isiibiwe.

"Karibu, mama. Unafanya kazi wapi?"

"Nauza sufuria."

"Duka liko mtaa gani?"

"Sina duka. Nawafuata watu majumbani."

"Aha. Kwa hiyo umeajiriwa na kampuni."

"Hapana. Nauza vitu vya kampuni, wananipa kamisheni."

Ofisa aligeukia kompyuta, akaisoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. "Hapa kuna mwajiriwa, mfanyabiashara mwenye duka, mkulima na mstaafu. Wewe ni yupi kati ya hao?"

"Inategemea saa. Jioni, miguu ikiwaka moto, mimi ni mstaafu."

Ofisa alitabasamu kidogo, kisha akamtazama vizuri. "Samahani. Wewe siye uliyemuuzia mama yangu zile sufuria za yai? Anakaa nyuma ya kituo cha mafuta."

"Mwenye jiko la sehemu nne, moja haiwaki?"

"Ndiye huyo."

"Mama yako nilimkopesha. Alilipa kwa miezi mitano, hakuruka hata mmoja. Sikumwomba karatasi. Nilitazama jiko lake lilivyo safi, nikajua huyu atalipa."

"Mama ni mtu wa ahadi," alisema ofisa kwa fahari. Kisha akanyoosha mkono. "Sasa, mama, nipe slipu za mshahara za miezi mitatu."

Shangazi alieleza tena. Hakuna mshahara, kwa hiyo hakuna slipu. Lakini akaunti yake iko humu humu benki, si wafungue tu waone pesa zinavyoingia?

"Nimefungua, nimeziona," alisema ofisa. "Zinaingia, tena si haba. Tatizo ni kwamba haziingii kwa nidhamu. Tazama. Mwezi wa pili nyingi. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Mwezi wa tano zimerudi kama zilikuwa safarini."

"Mwezi wa kwanza watu wanalipa ada za shule. Hakuna anayenunua sufuria akiwa na barua ya mwalimu mkuu mkononi."

"Mimi naelewa. Mfumo hauelewi." Akamwandikia vitu viwili kwenye kikaratasi: barua kutoka kampuni, na karatasi za ofisi ya kodi za miaka miwili. "Ukileta hivyo, tutaona."

Shangazi alitoka pale akiwa na matumaini, kwa sababu vitu viwili si vingi, na vyote vilikuwa kwa watu anaowafahamu.

Alianza na kampuni. Meneja alimpokea kwa kumkumbatia, akamwagizia soda, akamuuliza habari za binti. Aliposikia habari ya nyumba alipiga meza kwa furaha, akasema hiyo ndiyo ndoto ambayo kampuni imekuwa ikiihubiri miaka yote. Akaagiza barua iandikwe papo hapo. Iliandikwa, ikapigwa mhuri, ikatiwa kwenye bahasha nene. Shangazi aliifungulia kwenye ngazi.

Ilisema kwamba kampuni inathibitisha kuwa mtajwa hapo juu si mwajiriwa wake, hajawahi kuwa mwajiriwa wake, na kwamba kampuni haitawajibika kwa deni lolote atakaloingia. Mwishoni ilimtakia kila la heri.

Alipanda tena ngazi. "Bosi, hii ni barua ya kunisaidia au ya kunikana?"

"Ni wanasheria, Shangazi," alisema meneja, na kweli aliona aibu. "Tukiandika kwamba unafanya kazi hapa, kesho utatudai likizo."

"Lakini nimefanya kazi hapa miaka kumi na miwili."

"Ndiyo. Lakini si hapa."

Hilo Shangazi hakuweza kulipinga. Ni kweli hakuwahi kufanya kazi pale. Pale palikuwa na viti na kiyoyozi.

Karatasi za kodi zilikuwa kwa mhasibu wake, mtu mfupi mwenye kalamu nne mfukoni, ambaye wateja wake wote walimwita Punguza. Jina hilo lilikuwa sifa. Kila mwaka Shangazi alimpelekea mfuko wa risiti, na Punguza alikaa nazo kama mtu anayechambua mchele, akitoa gharama moja moja: nauli, mayai, vitunguu, gesi, vocha za simu, viatu, matengenezo ya magurudumu ya begi, hata kusuka nywele, kwa hoja kwamba hakuna anayenunua sufuria kwa mwanamke aliyetimka kichwa. Hapakuwa na uongo. Kila risiti ilikuwa ya kweli. Akimaliza kutoa, pato lililobaki kutozwa kodi lilikuwa dogo kama punje, na Shangazi alitoka kwake kila mwaka akimshukuru Mungu kwa kumpa mhasibu mwenye akili.

Sasa alizitazama zile karatasi kwa mara ya kwanza kwa macho ya benki. Kwenye karatasi, Shangazi alikuwa fukara. Mwanamke aliyeandikwa pale asingeweza kununua banda la kuku, achilia mbali nyumba. Hata kumsomesha mtoto ungeshangaa amewezaje.

"Kazi nzuri, siyo?" alisema Punguza.

"Nzuri mno," alisema Shangazi. "Umenipunguza mpaka nimekwisha."

Hata hivyo alizipeleka. Na kwa kuwa muuzaji hakubali mlango ufungwe kabla hajaweka mguu, alibeba pia boksi la viatu lenye risiti mia moja na thelathini na mbili za yule karani mstaafu, moja kwa kila mwezi, zimepangwa kwa tarehe.

"Hizi ni za nini?" aliuliza ofisa.

"Kodi. Mlitaka kujua kama nalipa kodi. Sijakosa mwezi hata mmoja."

Ofisa alizifunua taratibu, kwa heshima. "Mama, hii ni kodi ya nyumba. Sisi tulitaka kodi ya serikali."

"Kodi si kodi?"

"Hii ya nyumba umelipa vizuri sana. Sijawahi kuona mtu amelipa hivi. Hii ya serikali ndiyo inayosema huna pesa." Akakuna shingo chini ya tai. "Kwa karatasi hizi, rejesho la mwezi lingekula karibu pato lako lote. Sheria yetu ni lisizidi theluthi ya pato."

"Lakini rejesho mnalosema halizidi sana kodi ninayomlipa yule mzee. Miaka kumi na mmoja ninailipa. Nitashindwaje kuwalipa ninyi?"

"Hilo nalo ni kweli," alisema ofisa, na akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo halikuwa kwenye mtihani. Kisha akainama mbele, akapunguza sauti. "Mama, nikwambie ukweli? Mimi mwenyewe nisingepita. Nimeletwa hapa na wakala wa ajira. Mkataba wangu ni wa miezi sita sita. Huu ni wa tisa."

"Na wewe ndiye unayewapa watu mikopo?"

"Ndiyo mimi."

Walitazamana. Shangazi alitamani kumnunulia chai.

Ofisa ndiye aliyekuja na njia. Si kuna binti, ameajiriwa hospitali? Ana slipu? Basi mkopo uandikwe kwa jina la binti, Shangazi awe mdhamini. Mshahara wa binti ulikuwa mdogo, lakini ukiongezewa ile akiba kama malipo ya awali, na mkopo ukinyooshwa miaka ishirini na mitano, mfumo ungeukubali. Haikujalisha kwamba binti alikuwa na miezi minane tu kazini. Haikujalisha kwamba kila mwisho wa mwezi alimkopa Shangazi nauli. Slipu ni slipu.

Binti alikubali hata kabla ya kumaliza kusikiliza. "Shangazi, si ni kutia sahihi tu? Umenilea miaka yote hii. Nipe hiyo kalamu."

Walikuwa jikoni, binti akikata vitunguu, Shangazi ameegemea mlango. Alimtazama. Miaka ishirini na minne. Akiongeza ishirini na mitano, binti angekuwa na umri wa kuwa na wakwe, na bado jina lake liko benki kwa nyumba ambayo hakuichagua.

"Wewe ukipata kazi mji mwingine?"

"Sitaenda."

"Ukipata mume, akitaka mjenge yenu?"

"Atakuja kukaa hapa."

"Eti atakuja. Mwanaume wa watu aje akae na shangazi wa mkewe, tugombanie bafu." Alichukua kisu mkononi mwa binti, akaendelea kukata yeye. "Sikukulea ili unilipe. Ningetaka kulipwa ningemkopesha mtu mwingine. Huyo wa benki mwambie ahsante."

Binti alikasirika, wakanuniana siku mbili. Ya tatu alimkopa nauli, mambo yakaisha.

Ilibaki miezi miwili kwenye ile miezi mitatu. Mtu mwingine angeanza kutafuta chumba. Shangazi alivaa gauni la maonyesho, akavuta begi lake, akaenda kwa mwenye nyumba.

Mzee alikuwa mjane na hakuwahi kupikiwa na wakala wa sufuria. Shangazi alimkaangia mayai mawili, akamkatia kitunguu, akaosha sufuria kwa kuipangusa tu na karatasi, mzee akitazama kwa mshangao wa mtu ambaye sufuria zake zote zina ganda. Hakumwambia neno lolote kuhusu bei ya seti. Mzee alipomaliza kula, Shangazi alikaa.

"Baba, ukiweka bango nini kitatokea?"

"Watu watakuja."

"Watakuja, watapima madirisha, watasema paa bovu, watakuomba upunguze. Mwenye pesa taslimu atakutoa roho kwa bei. Mwenye mkopo atakungojesha. Mimi nakupa theluthi leo, kwa wakili. Theluthi hiyo unajenga chumba chako kwa mwanao, usikae kwake kama mgeni. Kodi naendelea kulipa, tena naiongeza. Baada ya miaka miwili nakumalizia yote."

"Na ukishindwa?"

"Unakata sehemu ya kumi ya nilichokupa, unanirudishia iliyobaki, nahama bila neno."

Mzee alisogeza sahani pembeni. "Miaka miwili mimi nitakuwa hai?"

"Wewe umefanya kazi posta miaka thelathini na tano. Umezoea kusubiri."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Walikwenda kwa wakili wiki ile ile. Mzee akatoka na mkataba wa Shangazi na seti ya sufuria tatu, ambayo hakuiombea punguzo.

Basi likaanza lile jambo ambalo Shangazi alilisimulia baadaye kwa wateja, nao hawakuamini. Alikwenda kwa Punguza akamwambia anataka kulipa kodi zaidi.

Punguza alishusha kalamu. "Zaidi ya nani?"

"Zaidi ya mwaka jana. Usitoe nywele. Usitoe viatu wala vocha. Toa nauli na mayai tu, uache pato lionekane lilivyo."

"Shangazi, nimefanya kazi hii miaka ishirini. Hakuna mtu aliyewahi kuingia mlango huu akaniomba nimwongezee." Alionekana ameumia, kama fundi cherehani aliyeambiwa alishone gauni lipwaye. Alifanya alichoagizwa, lakini aliomba jina lake la utani lisitajwe kwenye jambo hili.

Kodi ya mwaka ule ilipanda mara nne. Shangazi alikwenda kuilipa mwenyewe, akidhani atashukuriwa. Badala yake aliitwa ndani. Mama mmoja mwembamba, miwani ikining'inia kwa mnyororo, alikuwa ameziweka karatasi za miaka miwili sambamba mezani.

"Mwaka juzi kidogo, mwaka jana kingi," alisema. "Kumetokea nini?"

"Hakuna. Kazi ni ile ile."

"Kwa hiyo mwaka juzi ulificha?"

"Sikuficha. Nilitoa gharama. Mwaka jana sikuzitoa."

"Kwa nini mtu aache haki yake?" Aliuliza kwa upole, lakini ule upole wa daktari anayebonyeza tumbo kutafuta panapouma. "Mama, watu wote wanaokuja hapa wanataka kupunguza. Wewe unataka kuongeza. Una pesa gani unayotafuta kuihalalisha?"

Ilimchukua Shangazi miezi minne na safari sita kuthibitisha kwamba ni mtu mwaminifu. Alipeleka vitabu vya mauzo, orodha ya wateja, mkataba wa wakili, na ile barua ya kampuni ya kumkana, ambayo hatimaye ilipata kazi: ilithibitisha kwamba hana mshahara mwingine uliofichwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka mgongo ukamuuma. Safari ya sita yule mama wa miwani alifunga faili, akasema hajaona kosa, na akauliza kama kweli yai haligandi.

Ile miaka miwili haikuwa ya mchezo. Kodi ya nyumba juu, kodi ya serikali juu, na mayai yenyewe yakapanda bei. Shangazi aliuza mpaka katika mitaa aliyokuwa ameikwepa kwa sababu ya vilima. Ili pesa ziingie benki kwa nidhamu, alianza kujilipa mwenyewe. Kamisheni zote aliziingiza akaunti moja, kisha kila tarehe ishirini na nane akahamisha kiasi kile kile kwenda akaunti nyingine, mwezi mnono na mwezi mkavu sawasawa. Binti alimtengenezea hata karatasi yenye mistari: jina, mwezi, kiasi. Walicheka sana juu ya karatasi ile, lakini Shangazi aliitunza, na miezi ya shida ilimfaa kuliko kikombe chochote cha kioo. Kwa mara ya kwanza alijua atakula nini mwezi wa kwanza.

Aliporudi benki, ofisa alikuwa yule yule, tai ile ile, mkataba wake wa kumi na tatu. Alisoma karatasi za miaka miwili, akasoma akaunti yenye nidhamu, akabonyeza, akasubiri. Mfumo nao ukachukua muda wake.

"Umepita," alisema, akilegeza tai, kana kwamba aliyepita ni yeye. "Lakini riba yako imepanda nusu asilimia juu ya ile ya waajiriwa. Kwa sababu ya hatari."

"Hatari gani?"

"Kwamba huna kazi ya kudumu."

"Na wenye kazi ya kudumu?"

Ofisa alivuta karatasi za mkataba. Mwezi uliopita hospitali ilikuwa imepunguza watu thelathini wenye slipu. Binti alinusurika, kwa tundu la sindano. Shangazi alitia sahihi kurasa kumi na tisa, na kwenye kila moja aliandika jina lake kamili, jina ambalo hata yeye lilimshangaza kidogo, kwa jinsi lilivyokuwa halitumiki.

Habari zina miguu. Kampuni ilipopata kusikia, meneja alikuja mwenyewe na mpiga picha. Walimsimamisha mbele ya mlango, sufuria mkononi, wakamwambia acheke. Mwezi uliofuata alijiona kwenye kijitabu cha kuandikisha mawakala wapya, chini ya maneno: Kazi yetu ilimpa nyumba. Alidai malipo ya picha. Wakamwambia mtu hadai familia yake. Aliwaandikia barua, akaiga maneno yao mwenyewe, kwamba mtajwa si mwajiriwa wala jamaa wa kampuni, na kwamba atatoza kwa mwezi. Aliipiga na mhuri, aliokopeshwa na Punguza. Walilipa.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilinyesha mchana, Shangazi akiwa nyumbani. Maji yalianza kudondoka kwenye pembe ya sebule, taratibu, kisha bila aibu. Alisogeza kabati, akachukua simu, akampigia mzee kama alivyozoea.

"Baba, nyumba inavuja."

Kule upande wa pili kulisikika kicheko kirefu, na nyuma yake sauti za wajukuu. "Pole sana," alisema mzee. "Nenda kamwambie mwenye nyumba."

Shangazi alikaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, akacheka naye, maji yakiendelea.

"Lakini nisikilize," mzee akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya kazi. "Mtafute yule fundi wa karibu na soko, ndiye anayelijua hilo paa. Na akija, usimwambie umeinunua. Akijua ni yako atapandisha bei. Mwambie wewe ni mpangaji tu."

Fundi alifika saa kumi, akapanda, akagonga hapa na pale, akashuka akijifuta mikono.

"Hili si la kuziba, mama, ni la kubadilisha mabati mawili. Mwenye nyumba mwenyewe yuko wapi?"

"Amesafiri," alisema Shangazi. "Na pesa hana. Nifanyie ya mpangaji."